Watu wa Shimo la Tarrawell

Bimkubwa aliukuta mwili saa nane na robo mchana, siku ya Ijumaa, akirudi kutoka msikitini na masufuria matupu mikononi. Kila Ijumaa huuza sambusa na pilau nje ya lango la msikiti, na kila Ijumaa nyumba yake ya wageni, vyumba sita kwenye ghorofa ya tisa ya jengo moja la mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, hubaki kimya tangu saa sita hadi saa nane. Wapangaji wake karibu wote ni wafanyabiashara wa Dar na Unguja, na wote huenda kuswali. Siku hiyo lifti ilikuwa imejazwa maboksi na mtu asiyejali wenzake, Bimkubwa akapanda kwa ngazi za dharura. Kati ya ghorofa ya nane na ya tisa, pale ngazi zinapokunja kona chini ya dirisha, alilala Mwalimu Pascoe, kichwa chini, miguu juu, kiatu kimoja kimemvuka. Damu ilikuwa imetoka kisogoni na kuanza kuganda.

Bimkubwa hakupiga kelele. Aliweka masufuria chini taratibu, akasoma yanayosomwa, akapiga simu polisi, kisha akampigia Herieth.

"Mwanangu, njoo. Mwalimu wako kafa. Polisi wanakuja, na Kichina changu mimi ni cha kununulia vitunguu."

Herieth Kitundu alikuwa barabara ya Guangyuan Xilu, ndani ya jumba la nguo za jumla, akimsaidia Mwikali, Mkenya aliyekuwa akitaka suruali mia nne za jinzi kwa bei ambayo mwenye duka hakutaka hata kuisikia. "Meiyou," mwenye duka alikuwa akisema, "meiyou," na Herieth alikuwa akigeuza: hakuna, hakuna. Aliitazama saa. Nane na dakika ishirini na mbili. Akamwomba Mwikali radhi, akashuka, akapanda teksi. Njiani alijaribu kuhuzunika. Alimpenda yule mzee kwa siku nane alizomfanyia ukalimani. Lakini ndani hapakuja kitu, akabaki akitazama malori ya mizigo yaliyosimama kwenye foleni.

Hali hiyo aliizoea. Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya kila mtu. Daktari akisema ameona uvimbe kwenye ini, Herieth husema: nimeona uvimbe. Mgonjwa akisema nakufa na watoto wangu wadogo, Herieth husema: nakufa na watoto wangu wadogo. Miaka kumi na minne ya hospitali, vituo vya polisi na bandari ya Huangpu ilikuwa imempitia kinywani namna hiyo, na mahali fulani katikati ya miaka hiyo maneno yaliacha kugusa popote. Mama yake alipozikwa Singida, Herieth alitazama mazishi kwenye simu, kisha akaenda kazini. Watu walimsifu kwa moyo mgumu. Yeye alijua kwamba haukuwa ugumu.

Inspekta Guo wa kituo cha mtaa, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa akimjua kwa kazi. Alimsubiri juu ya ngazi.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Saa sita na dakika ishirini mchana. Nilimwacha jikoni akiandika."

"Mlikuwa mkifanya nini?"

Herieth akaeleza. Alan Pascoe alikuwa Muaustralia wa miaka sabini na mitatu, mwalimu mstaafu. Ujanani alifundisha Mpwapwa kwa miaka mitatu, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki vilevile cha enzi hizo, kila mtu kwake ni "ndugu". Ndiyo maana alipokuja Guangzhou aliikataa hoteli akaja kukaa kwa Bimkubwa, ili alale akisikia watu wakigombea bafu kwa Kiswahili. Alikuwa akiandika historia ya kijiji chake, Tarrawell, kilichoko milimani katika jimbo la Victoria, huko Australia. Zamani za dhahabu Wachina wengi walichimba pale, na baadhi yao walitoka vijiji vya jirani na Guangzhou. Mwalimu alikuwa ameipata familia moja, ya Bwana Liu, umbali wa kilomita themanini, yenye barua iliyotumwa kutoka Tarrawell mwaka 1889. Mwandiko ule wa kizamani aliweza kuusoma mtu mmoja tu, shangazi yake Liu, bibi wa miaka tisini na mmoja.

"Leo saa tano na dakika arobaini Liu alipiga simu kutoka kijijini. Shangazi akaisoma barua, mimi nikageuza kwa Kiswahili. Tulikuwa mimi na mwalimu tu."

"Barua inasema nini?"

"Kwamba mafuriko yaliingia kwenye shimo la dhahabu. Bosi mwenye ndevu nyekundu akaamuru mlango wa mbao ufungwe ili maji yasifike kwenye shimo kuu. Upande wa pili wa mlango walikuwa watu kumi na mmoja. Mwalimu aliniuliza mara mbili: wangapi? Kumi na mmoja. Kule kwao wana jiwe la kumbukumbu lenye majina ya watu watatu."

Guo aliandika, lakini kalamu yake ilikwenda bila haraka. "Mambo ya miaka mia na thelathini iliyopita," alisema, "hayamsukumi mtu ngazini." Maana daktari wao alikuwa ameshasema: mzee alianguka kinyumenyume, na kifuani alikuwa na michubuko miwili, kulia na kushoto, mipya.

Alisukumwa.

Kamera ya mlango wa mbele ilisaidia, au ilionekana kusaidia. Ilionyesha kwamba Graeme Tulloch, jirani yake mwalimu aliyesafiri naye kutoka Tarrawell, alitoka saa tano kasoro dakika kumi asubuhi na kurudi saa tisa na dakika tano, akiwakuta polisi. Na ilionyesha kwamba saa saba na dakika ishirini mchana, mpangaji wa chumba cha nne, Shedrack Machibya wa Mwanza, alitoka mbio na begi mgongoni, kola imemkaa upande.

Walimkamata saa tisa na nusu karibu na stesheni ya treni. Mkono wa shati lake ulikuwa na damu.

Mahojiano yake yalianza saa kumi kamili.

"Dada," Shedrack alimwambia Herieth kabla hajaketi, "waambie mimi sijaua mtu. Waambie jamani."

"Mimi sijaua mtu," Herieth alisema kwa Kichina.

"Damu ya nani hiyo?" Guo aliuliza.

"Ya mzee. Nilimkuta. Nilikuwa chumbani namtumia mke wangu sauti, nina vitu masikioni, sikusikia kitu. Saa saba na robo nikatoka nianike nguo juu ya paa. Nilipofika ngazini nikatazama chini, nikamwona. Nikamshika shingo. Ilikuwa ya moto bado, lakini hapumui."

"Kwa nini hukuita polisi?"

Shedrack aliinamisha kichwa. Jibu lilikuwa kwenye pasipoti iliyokuwa mezani, na kila mtu chumbani alikuwa ameshaliona. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kimekwisha miezi minne iliyopita.

"Juzi mligombana na marehemu. Mama mwenye nyumba amesema."

"Si kugombana! Alinisema. Alisema, ndugu Shedrack, nenda kajisalimishe, adhabu ni ndogo kuliko kuishi kama panya. Nikamjibu vibaya. Dada, nilimjibu vibaya yule mzee."

Akaanza kulia. Herieth aligeuza maneno yote, pamoja na lile la panya, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Guo alimtazama yeye badala ya Shedrack.

"Unamwamini?"

"Hiyo si kazi yangu," Herieth alisema.

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni aliingia Tulloch. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwili mkubwa, mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni. Kofia yake aliiweka gotini akawa anaizungusha polepole.

"Mimi nilikuja kuchukua sanamu," alisema. "Sanamu ya shaba, tumeitengenezesha huku kwa sababu kwetu hatungeweza. Ni ya bustani mpya ya kijiji. Juma lijalo inapakiwa Huangpu. Alan alisema twende wote."

"Leo ulikuwa wapi?"

"Nilitembea. Bustani ya Yuexiu. Nikala tambi mahali, sijui jina. Nilirudi saa tisa, nikawakuta nyinyi."

"Mara ya mwisho mlizungumza lini?"

"Kwenye chai, saa mbili asubuhi. Tulikubaliana kwamba saa moja jioni tungekula na Bwana Liu, akishafika. Basi."

"Marehemu alikuwa na adui?"

"Alan? Alinifundisha kusoma. Alifundisha kijiji kizima."

"Nyinyi wawili mlikuwa mnapatana?"

Tulloch alifikiri. "Tulibishana, kama majirani. Yeye alipenda wafu kuliko walio hai. Tarrawell tumebaki watu themanini. Shule imefungwa, benki imefungwa, kiwanda cha maziwa kimefungwa. Nilimwambia, huwezi kuwaumiza watu themanini kwa ajili ya watu kumi na mmoja waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Lakini kubishana ni kubishana tu."

Herieth aligeuza, Guo akaandika. Tulloch akaomba maji.

Kwenye meza ya marehemu polisi walikuta daftari jeusi. Kurasa kadhaa za katikati zilikuwa zimechanwa. Zilizobaki mwishoni zilikuwa za lugha ambayo Guo hakuijua, naye akazipiga picha kwa simu, simu ikamtafsiria mstari wa mwisho. *Saa 7 nitamwambia. Lazima ajue kabla ya wengine.*

"Saba ya jioni," Guo alisema, yaani saa moja jioni kwa Kiswahili, akimwonyesha Herieth skrini. "Chakula na Liu. Alikuwa na neno la kumwambia Liu, akafa kabla. Haitusaidii."

Herieth aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka, na mstari ule aliusoma kwa Kichina, kwenye kioo cha simu, sio kwenye daftari. Alirudi kwake, akapasha wali, akala bila kujua una chumvi au hauna, akalala. Shedrack alibaki kituoni.

Jumamosi saa moja asubuhi Guo alimwita tena. Alitaka kurasa zote za Kiswahili zigeuzwe kwa ajili ya faili. Wakamkalisha kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja, wakampa daftari lenyewe ndani ya mfuko, na glavu.

Mwalimu Pascoe alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, herufi za mwalimu wa shule ya msingi.

*Ninaandika kwa Kiswahili mambo ambayo sitaki jirani yangu ayasome kabla ya wakati,* ukurasa wa kwanza ulisema. Halafu kilifuata kijiji.

Herieth aliandika kwa Kichina huku akisoma. Tarrawell ilianza na mahema. Watu elfu tatu kwenye bonde moja, nusu yao Wachina waliokaa ng'ambo ya kijito, wenye maduka yao, hekalu lao dogo na bustani za mboga zilizowalisha wote. Dhahabu ikaisha. Wachina wakaondoka au wakafa, hekalu likawa ghala la sufi, kisha likaungua, na hakuna aliyeuliza nani aliliunguza. Yakaja maziwa. Mwalimu aliporudi kutoka Mpwapwa kulikuwa na watoto tisini shuleni, na kila asubuhi lori la kiwanda lilipita likigonganisha makopo. Kiwanda kikafungwa. Vijana wakaenda mjini. *Mwaka 1996 nilifunga mlango wa shule mimi mwenyewe. Watoto walikuwa sita. Nilirudi ndani mara mbili kuangalia kama nimezima taa.*

Halafu walikuja watu wa mjini, wa Jumamosi na Jumapili. Walinunua vibanda vya wachimbaji wakavipaka rangi. Benki ikawa mgahawa. Hapo kijiji kikagundua kwamba kitu pekee kilichobaki nacho cha kuwavutia wageni ni zamani yake. Vikawekwa vibao. Ikaanzishwa sherehe ya kila mwaka, na joka la karatasi linalochezwa na watu ambao hawamjui Mchina hata mmoja. *Kibao kikubwa kuliko vyote kinaeleza jinsi Hector Tulloch, mwanzilishi wa kijiji, mwenye ndevu nyekundu, alivyoshuka shimoni wakati wa mafuriko ya 1889 akaokoa Wachina saba, na watatu tu wakafa. Maneno ya kibao hicho niliyaandika mimi. Kabla yake niliwafundisha watoto hadithi hiyohiyo miaka kumi na minane. Sanamu ni ya Hector huyo.*

Kalamu ya Herieth ilisimama. Akageuza ukurasa.

*Leo nimesikia barua. Yote ila orodha ya majina, kwa kinywa cha ndugu Herieth. Kumi na mmoja. Mlango ulifungwa kwa amri yake. Siku ya kufungua bustani nitasimama niyasome majina yao, na nitasema ni mimi niliyeandika uongo. Graeme ni wa mwisho wa ukoo wao aliyebaki kijijini. Saa 7 nitamwambia. Lazima ajue kabla ya wengine.*

Herieth aliusoma mstari huo mara moja tu, kwa Kiswahili, na maana yake ikamjia yenyewe kama inavyomjia mtu yeyote aliyelelewa Singida. Mtu anayeandika kwa Kiswahili, tarehe ile, baada ya adhuhuri, akaandika saa 7, hamaanishi jioni.

Kisha lile la pili likaja, polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni akijua zimo. Kumi na mmoja. Alikuwa amelisema neno hilo jana jioni kwa Kichina, kwa sauti yake mwenyewe, na lilikuwa limempita. Alilitoa kwa Tulloch akampa Guo bila kulitazama.

Hakushtuka, wala hakukimbia. Alivua glavu, akaenda mlango wa pili, akagonga.

"Inspekta, saa saba ya Kiswahili ni saa moja ya mchana ya kwenu. Tunaanza kuhesabu asubuhi, jua linapochomoza. Mwalimu alikuwa na miadi jana saa saba mchana, na mtu aliyemwandika hapa ni Graeme, yaani Tulloch."

Guo aliweka kikombe chake chini. "Tulloch alikuwa nje. Kamera imemwona akitoka na kuingia."

"Mlango wa mbele. Kuna mlango wa nyuma, wa wapagazi, kwenye kichochoro. Kutoka bustani ya Yuexiu ndiyo njia ya mkato, Bimkubwa huwaonyesha wageni wote. Na ukiingia kwa nyuma unapanda kwa ngazi za dharura."

"Nyuma hakuna kamera."

"Lipo duka la viango vya nguo linalotazamana na mlango. Mwenyewe ana kamera, anaogopa wezi." Akasogea karibu na meza ya Guo. "Halafu kuna jambo jingine. Jana alisema watu kumi na mmoja. Kwenye jiwe lao ni watatu, na hesabu ya kumi na mmoja ilisemwa kwa mara ya kwanza jana saa tano na dakika arobaini, yeye akiwa ameshatoka. Nani alimwambia?"

"Liu."

"Liu hajui Kiingereza, na alikuwa kijijini. Mimi sikumwambia. Amebaki mmoja."

Guo alikagua simu. Kati ya Liu na Tulloch hapakuwa na ujumbe wala simu iliyopigwa. Saa mbili na nusu askari wake alirudi kutoka kichochoroni na picha: mtu mkubwa mwenye kofia akiingia mlango wa nyuma saa saba kasoro dakika nane mchana, na kutoka saa saba na dakika tisa, akitembea upesi, mkono mmoja ndani ya koti.

Saa tatu asubuhi walimketisha Tulloch kwenye kiti kilekile. Guo alikuwa na picha ndani ya bahasha, lakini hakuitoa. Alimgeukia Herieth. "Muulize wewe. Mimi nitafuata kwenye kinasa sauti."

Herieth hakuwa amewahi kuuliza swali lake mwenyewe ndani ya chumba kile.

"Bwana Tulloch," alisema kwa Kiingereza, "jiwe la kumbukumbu la Tarrawell lina majina mangapi?"

"Matatu."

"Jana ulisema kumi na mmoja."

Kofia iliacha kuzunguka.

"Labda nilikosea."

"Hukukosea. Ni kumi na mmoja. Nilimtafsiria mwalimu barua hiyo wewe ukiwa umeshaondoka. Aliandika kwenye daftari kwamba atakwambia saa saba, saa moja kwenu."

"Daftari halina..." Tulloch alianza.

"Halina kurasa za Kiingereza. Ulizichana. Hizi nyingine uliziacha."

Chini, mtaani, mtu alikuwa akivuta toroli lenye gurudumu linalolia.

"Nilidhani ni orodha ya vitu vya kununua," Tulloch alisema. "Alikuwa na mazoea ya kuandika orodha za sokoni kwa lugha hiyo. Kwa kujichekesha."

Guo akaweka picha mezani, na Tulloch hakuitazama. Alitia mkono ndani ya koti akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne, akazisukuma mbele. Kurasa saba.

"Nilitaka kuzitupa ziwani pale bustanini. Nilikaa kwenye benchi mpaka karibu saa tisa nikashindwa. Ni mwandiko wake. Ndio mwandiko nilioujua kwanza, kabla ya wa mama yangu."

"Eleza," Guo alisema, na Herieth akasema: eleza.

"Asubuhi kwenye chai aliniambia nije mchana, atakuwa ameshaijua barua. Nikapanda ngazi, nikamkuta ananisubiri dirishani, anapunga upepo. Akaniambia yote. Babu wa babu yangu alifunga mlango. Kumi na mmoja. Na kwamba atasema mbele ya watu, siku ya sanamu. Nikamwambia, Alan, tumebaki na nini? Ng'ombe niliuza. Wanangu wako Melbourne, hawarudi. Nikipita pale kijijini wale wa mjini wananiuliza, wewe ndiye Tulloch wa kibaoni? Ndicho kitu pekee nilicho. Akaniambia, 'Najua, Graeme. Mimi ndiye niliyekupa kitu hicho, nilikudanganya ukiwa na miaka saba. Nisamehe.'" Tulloch alipumua kwa mdomo. "Aliniomba msamaha. Kama angenitukana labda ningeshuka nikaenda zangu. Nilimsukuma kwa mikono miwili. Sikutaka afe. Nilitaka anyamaze."

Herieth alimgeukia Guo, akasema kwa Kichina, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Nilimsukuma kwa mikono miwili. Sikutaka afe. Nilitaka anyamaze.

"Baada ya kuanguka ulimgusa?" Guo aliuliza.

"Nilimwita jina. Kisha nikapanda chumbani kwake nikachana kurasa, nikarudi, nikamruka pale alipolala, nikashuka." Akavaa kofia, kisha akakumbuka alipo, akaivua. "Nilimruka."

Shedrack aliondolewa kesi moja akakabidhiwa nyingine. Alilipa faini, akakaa siku kumi kizuizini kwa ajili ya kibali chake, halafu akasindikizwa hadi uwanja wa ndege. Herieth alikwenda kumtafsiria karatasi ya mwisho, iliyosema haruhusiwi kurudi kwa miaka mitano. Alitia sahihi. "Mzee aliniambia adhabu ndogo," alisema, "na kweli ndogo." Sanamu ya Hector Tulloch ilibaki Huangpu ndani ya kreti, maana aliyeiagiza alikuwa rumande na kijiji hakikujibu barua za wakala.

Juma la tatu alifika binti wa Mwalimu Pascoe, Rosalind, muuguzi, mwenye macho makavu. Bimkubwa alimpa chumba kilekile kwa sababu alikiomba. Siku ya pili alimwita Herieth jikoni.

"Kulikuwa na mkutano Tarrawell," alisema. "Watu sabini na wawili kwenye ukumbi. Walirushiana maneno saa tatu nzima. Wengine walisema baba aliuawa na Wachina na serikali inaficha. Wengine walilia. Mwisho bibi mmoja akasimama, mama yake mdogo Graeme, akasema, kama majina yapo yaletwe, tuyaone, ndipo tuamue. Nimekuja kuyachukua."

Walipanda basi kesho yake, Herieth, Rosalind na Bwana Liu. Nyumba ya shangazi ilikuwa mwisho wa kijiji, na nusu ya kijiji chenyewe ilikuwa magofu yenye namba nyekundu za kubomolewa, maana barabara mpya ilikuwa inapita. Bibi aliwakaribisha chai. Hakuuliza habari za mauaji. Aliitoa barua kwenye kitambaa, akavaa miwani, akaanza kusoma majina kwa Kikantoni, Kichina cha huko, moja moja, Liu akiandika herufi za Kichina, Herieth akiyatamka polepole, Rosalind akiyaandika kwa herufi zake.

Yalikwenda hivyo kwa dakika kumi. Rosalind akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Haya ni kumi," alisema.

Herieth akageuza. Bibi aliinua kidole, hajamaliza, akasogeza karatasi karibu na dirisha. Akasoma mstari mmoja. Herieth akafungua kinywa kuugeuza, na safari ya kwanza sauti haikutoka. Akakohoa, akaanza upya.

"'Na mmoja aliyefika juma lile. Bado tulikuwa hatujamuuliza jina.'"

Rosalind alishika kalamu hewani. "Niandike nini?"

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi yake, akajibu maneno machache.

"Anasema andika hivyohivyo," Herieth alisema.

Rosalind akaandika, mstari mzima, chini ya majina kumi. Alipomaliza akampa Herieth daftari ahakikishe. Herieth aliusoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, kisha akamgeukia bibi akausoma kwa Kikantoni, kwa sauti, na akausoma tena.